Kuni, Mafuta na Mkono wa Serikali: Nishati ya Meli za Nile hadi Juba

Juba ndiyo kituo cha mwisho cha meli zinazopanda Nile Nyeupe. Kusini kidogo ya mji huo mto unaingia kwenye mawe na maporomoko ya Bedden, na mbele zaidi, karibu na Nimule, yapo maporomoko ya Fola ambayo hakuna meli iwezayo kuyapanda. Upande wa kaskazini njia iko wazi kwa zaidi ya kilomita 1,400 hadi Kosti nchini Sudan, ikipitia Bor, kinamasi kikubwa cha Sudd, Malakal na Renk. Kwa sababu ya urefu huo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya njia haina mji wala mti, suala la nishati ya kuendeshea meli limekuwa zito hapa kuliko katika maziwa na pwani za Afrika Mashariki. Tangu stima ya kwanza, kila nishati ilipobadilika, serikali fulani ndiyo iliyobeba mzigo wa mabadiliko hayo.

Vyombo vya mwanzo havikuchoma chochote. Mwaka 1841 Selim Qapudan, ofisa wa jeshi la majini aliyetumwa na Muhammad Ali wa Misri, alifika na msafara wake wa majahazi hadi eneo la Gondokoro, kwenye ukingo wa mashariki, karibu na ilipo Juba leo. Wafanyabiashara wa Khartoum wakafuata njia yake. Walipanda mto kwa matanga katika miezi ambayo upepo wa kaskazini huvuma mfululizo, wakasubiri, kisha wakarudi kwa kuachia mkondo uwashushe. Upepo ulikuwa wa bure na haukuacha moshi, lakini biashara iliyosafirishwa nao ilikuwa ya pembe za ndovu na watumwa. Wabari, Wadinka na majirani zao waliona matanga hayo yakija kila mwaka pamoja na bunduki. Usafi wa nishati haukuwa na uhusiano wowote na usafi wa kazi iliyofanywa nayo.

Stima zililetwa na serikali. Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alimwajiri Mwingereza Samuel Baker kuiteka nchi ya Nile ya juu kwa niaba ya Misri, akamgharimia stima zilizoundwa Uingereza na kuletwa kwa vipande ili ziunganishwe huku huku. Baker alikwama kwenye Sudd mwaka wa kwanza, akarudi nyuma, akajaribu tena, akafika Gondokoro Aprili 1871. Mei mwaka huo huo alipandisha bendera na kuipa Gondokoro jina la Ismailia. Stima moja katika zile za vipande ilikuja kuunganishwa Dufile, juu ya maporomoko, wakati wa utawala wa Charles Gordon na Emin Pasha, ikaitwa Khedive na kuhudumu hadi Ziwa Albert. Hakuna tajiri yeyote wa Khartoum ambaye angeweza kumudu gharama ya jambo kama hilo. Hazina ya Cairo ndiyo iliyomudu, tena kwa mikopo ya Ulaya ambayo baadaye ilisaidia kuifilisi Misri.

Pamoja na stima, yalikuja mahitaji ya kuni. Boila ya stima ndogo hula kuni mchana kutwa, na kwenye Sudd hakuna kuni: ni mafunjo, matete na maji, siku baada ya siku. Meli iliyoingia humo ililazimika kubeba kuni zake zote, mara nyingi kwenye tishari lililofungwa ubavuni, na kama njia ingezibwa na visiwa vya majani vinavyoelea, akiba ingekwisha kabla ya kutoka. Romolo Gessi, Mwitalia aliyekuwa gavana wa Bahr el Ghazal, alinaswa hivyo mwaka 1880 na stima Safia pamoja na watu wengi. Walikaa miezi mitatu. Mamia walikufa kwa njaa kabla Ernst Marno hajawafikia na stima Bordein mwanzoni mwa 1881.

Baada ya dola ya Mahdi, iliyokuwa ikiitawala Sudan, kushindwa mwaka 1898, Uingereza na Misri zilianza kuitawala Sudan kwa pamoja. Kazi mojawapo ya kwanza ilikuwa kuufungua mto. Desemba 1899 Meja Malcolm Peake aliondoka Omdurman na mashua za kivita pamoja na wafungwa wa vita wapatao 800. Walikata majani kwa misumeno, wakayachoma moto, wakayafunga kamba na kuyavuta kwa stima, hadi njia ilipopitika mwaka 1900. Njia ya meli ya Juba kama inavyojulikana ilizaliwa hapo, kwa fedha za serikali na kwa nguvu za wafungwa.

Serikali hiyo haikuwakabidhi wafanyabiashara huduma ya meli. Iliunda idara ya stima, ambayo baadaye iliunganishwa na shirika la reli, ikaendesha safari za barua, abiria na mizigo hadi Gondokoro, Rejaf na Mongalla. Sheria ya misitu ya mwaka 1901 na idara ya misitu iliyofuata, chini ya A. F. Broun aliyekuwa amefanya kazi Ceylon, zilikuwa na jukumu la wazi: kuhakikisha kuni za stima hazikosekani. Ndiyo kusema, uhifadhi wa misitu nchini Sudan ulianzishwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya boila za meli. Migunga ya kingo za mto, ambayo mbao zake ni nzito na huwaka kwa moto mkali, ndiyo iliyotakiwa zaidi.

Kituo cha kuni kilikuwa mahali pa kawaida sana kwa macho ya msafiri. Ukingo ulisawazishwa kidogo, na juu yake kuni zilipangwa kwa marundo yaliyokatwa urefu mmoja ili karani aweze kuyapima. Stima ilikuja taratibu, gurudumu lake kubwa la nyuma likipiga maji, matishari mawili au matatu yamefungwa mbele na ubavuni, yote yakienda kama kisiwa kimoja. Ubao uliteremshwa. Wanaume walipanga mstari, kila mmoja akiwa na mzigo begani, wakapanda kwa ubao mmoja na kushuka kwa mwingine kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku, mbu wakiwa wengi mno. Meli ilipoondoka, cheche zilitoka kwenye bomba la moshi zikatua juu ya turubai za sitaha na kuzitoboa. Vituo vya namna hiyo vilifuatana kando ya mto, vikipungua kadiri Sudd ilivyokaribia na kuongezeka tena kuanzia Bor kwenda kusini.

Ukataji wa kuni hizo ulifanywa na askari wa zamani, na vibarua, na wafungwa, na mara nyingine na wanakijiji waliotakiwa na chifu wao kutoa watu. Hesabu za idara zilionyesha kuni kuwa nishati ya bei nafuu. Unafuu huo ulitokana na malipo duni ya mkataji na msitu uliokatwa bila kulipiwa. Hiyo nayo ilikuwa ruzuku, ila haikutoka hazina. Ilitoka kwa watu wa kingo za mto. Mwanahistoria anayesoma takwimu za stima bila kuukumbuka mstari ule wa wanaume kwenye ubao hajausoma uchumi wa Nile.

Tatizo la kuni lilizaa jaribio moja la ajabu, ambalo leo lingeitwa nishati ya mimea. Katika miaka ya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza iliundwa kampuni iliyotaka kuyakausha na kuyashindilia mafunjo ya Sudd yawe matofali ya kuwashia moto, yakapewa jina la suddite. Wazo lilikuwa na mantiki: majani yaliyozuia meli yangekuwa ndiyo yanayoziendesha, na migunga ingepumzika. Wenye madaraka Khartoum walilipokea kwa hamu, kwa kuwa Sudan haikuwa na makaa ya mawe, na makaa yaliyotoka Uingereza yalikuwa ghali mno yakifika Nile ya juu. Lakini kukausha mafunjo katikati ya kinamasi ni kazi ngumu, na mradi huo haukudumu. Stima zikaendelea na kuni.

Wakati huo huo, mbali na Nile, mtu mmoja aliyepita Gondokoro alishiriki katika mabadiliko makubwa kuliko yote ya nishati ya meli. Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alipita Uganda kwa miguu na mashua mwishoni mwa 1907 na kupanda stima Dal kutoka Gondokoro hadi Khartoum. Mwaka 1911 alifanywa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, na chini yake manowari mpya zikaundwa za kuchoma mafuta badala ya makaa ya mawe. Uingereza ilikuwa na makaa tele na haikuwa na kisima cha mafuta. Kwa hiyo mwaka 1914 serikali yake iliweka pauni milioni 2.2 katika kampuni ya Anglo-Persian na kuchukua hisa zaidi ya nusu. Mafuta yaliwaka kwa nguvu zaidi, yalihitaji wapakiaji wachache, na yalitoa moshi mchache kuliko makaa. Hata hivyo hayakuingia melini kwa ubora wake peke yake. Yaliingia kwa sababu serikali ilikubali kulipia visima, matangi na hatari ya kupata hasara. Funzo hilo lilihusu pia kila bandari ndogo ya dunia, Juba ikiwa mojawapo, kwa kuwa kuanzia hapo mafuta yalianza kupatikana kwenye njia za meli kila mahali.

Juba yenyewe ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, serikali ilipohamisha makao ya jimbo kutoka Mongalla. Ukingo wake wa magharibi ulikuwa na ardhi ya juu, na barabara ya kwenda Aba nchini Kongo ingeanzia hapo. Wafanyabiashara Wagiriki na Waarabu walifungua maduka. Kutoka upande wa pili, shirika la reli na bandari la Kenya na Uganda liliendesha stima za Ziwa Albert, kubwa kati yake ikiwa Robert Coryndon ya mwaka 1930, na meli ndogo hadi Nimule, kisha abiria wakapanda gari hadi Juba na kushika stima ya Sudan. Huduma hizo zote mbili zilikuwa za mashirika ya serikali. Ndege za Imperial Airways zilianza kutua Juba mwaka 1931, na abiria tajiri wakaanza kuuacha mto. Katika Vita Vikuu vya Pili askari wa Kongo wa Force Publique walipitia Aba na Juba wakielekea kupigana na Waitalia Ethiopia, na stima zikabeba mizigo kuliko ilivyowahi kuwa.

Baada ya vita hivyo kuni zilianza kuachwa. Boila za stima zilizokuwapo zilibadilishwa zichome mafuta mazito, na baadaye zikaja meli za injini ya dizeli zinazosukuma matishari. Mabadiliko hayo yalikuwa afueni kwa misitu ya kingo za mto, na kwa nahodha aliyeweza sasa kuvuka Sudd bila hofu ya kuishiwa kuni. Yalileta pia utegemezi mpya. Kuni zilipatikana Bor. Mafuta yalishushwa Port Sudan na kusafiri kwa reli hadi Kosti kabla ya kupanda mto. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilipofunguliwa Port Sudan mwaka 1964, nacho kilikuwa upande ule ule wa kaskazini. Juba ilipata meli bora huku ikizidi kuwa mkiani mwa mnyororo mrefu ambao pete zake zote zilishikwa na Khartoum.

Mwaka 1973, baada ya Mkataba wa Addis Ababa kumaliza vita vya kwanza vya wenyewe kwa wenyewe nchini Sudan, usafiri wa mto ulitenganishwa na reli ukapewa shirika lake la umma. Shirika hilo liliendesha njia ya Kosti na Juba kama huduma kwa nchi zaidi ya kuwa biashara. Dizeli ilikosekana mara kwa mara, vipuri vilichelewa, lakini meli zilikuja. Vita viliporejea mwaka 1983 njia ilikatika. Februari 1984 meli ya abiria ilishambuliwa mtoni na watu wengi wakauawa, na safari za kawaida zikasimama. Kwa zaidi ya miaka 20 Juba iliishi kwa ndege na kwa misafara michache ya matishari. Mwaka 1989, chini ya mpango wa misaada wa Operation Lifeline Sudan, baadhi ya misafara hiyo ilibeba chakula cha Umoja wa Mataifa.

Katika kipindi hicho hicho ndipo mafuta ya kusini yalipoanza kuuzwa nje. Bomba la kwenda Port Sudan lilianza kazi mwaka 1999. Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ilichukua visima vingi, lakini bomba na viwanda vya kusafishia vilibaki kaskazini. Januari 2012 Juba ilifunga visima kwa sababu ya mgogoro wa ada za bomba, mpaka ukafungwa, na matishari ya Kosti yakakoma. Nchi yenye mafuta chini ya ardhi ikawa inaleta dizeli ya meli zake kwa malori kutoka Mombasa, kupitia Uganda na Nimule. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, yenye kilomita 192, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani na kukamilika 2012, ilifanya safari hiyo iwezekane kwa siku chache.

Kuhama huko kutoka Khartoum kwenda Mombasa kulileta badiliko ambalo halikutangazwa Juba. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha dizeli, chenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kiwanda cha zamani cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta mwaka 2013, hivyo mafuta yaliyoingia yalikuwa yameshasafishwa ng'ambo kwa viwango vipya. Malori ya Nimule yalibeba mafuta yale yale. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, lakini meli za Juba zilianza kunufaika na dizeli hiyo mapema zaidi, bila ruzuku ya serikali yao, kwa nguvu ya kanuni iliyoandikwa na majirani. Kwa mabaharia wanaovuta pumzi karibu na bomba la moshi siku kumi mfululizo, hilo ni jambo kubwa.

Ruzuku ilikuwapo Juba, ila iliwekwa pengine. Kwa miaka kadhaa kampuni ya taifa ya mafuta, Nilepet, iliuza petroli na dizeli chini ya bei ya soko. Foleni za magari zilijaa barabarani, na mafuta yale yale yakauzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara kwa bei mara kadhaa zaidi. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kuiondoa ruzuku hiyo kwa kuwa hazina haikuweza kuibeba. Kilichopotea ni nafasi: ruzuku ya bei humfikia yeyote mwenye tangi, na huisha siku mafuta yanapochomwa. Fedha hizo hizo zingeweza kununua injini mpya, gati na matangi salama, mambo ambayo hubaki miaka 30. Mwaka 2019 sehemu ya mafuta ghafi ya taifa ilitengwa kulipia ujenzi wa barabara, zikiwamo za Juba kwenda Rumbek na Bor. Barabara zilihitajika. Lakini mto, ambao hubeba tani moja ya mzigo kwa mafuta machache kuliko lori, haukutengewa mpango wa ukubwa huo.

Kwingineko mambo yameenda kwa kasi. Norwe, nchi iliyokaa kwenye meza ya amani ya Sudan kama mpatanishi na yenyewe mzalishaji mkubwa wa mafuta, ilianza mwaka 2007 kutoza kodi ya oksidi za nitrojeni, na mwaka 2008 ikaanzishwa hazina ambayo wenye meli huichangia badala ya kulipa kodi hiyo, kisha ikawasaidia kununua vyombo visafi. Kivuko cha umeme Ampere kilianza kazi huko mwaka 2015, na Hydra cha haidrojeni mwaka 2023. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipunguza salfa inayoruhusiwa kwenye mafuta ya meli hadi asilimia 0.5 kuanzia Januari 2020. Kanuni hizo ni za meli za baharini. Hazimhusu nahodha wa tishari la Bor.

Kwenye bandari ya Juba, mafuta ya meli bado huja kwa mapipa na hupitishwa kwa pampu ya mkono na mpira hadi kwenye tangi. Injini nyingi ni za zamani. Japani ilisaidia kujenga gati dogo na kupanga upanuzi wa bandari, na daraja jipya la mto, lililojengwa kwa msaada wake na kukatizwa mara kwa mara na vita, lilifunguliwa Mei 2022. Mwaka huo huo mitambo ya kuchimba mto iliyotolewa na Misri ilifika Bentiu, wananchi na wasomi wakapinga wakihofia Sudd itakaushwa, na mwezi Julai Rais Salva Kiir akasimamisha uchimbaji wote hadi uchunguzi wa mazingira ufanyike. Tangu Aprili 2023, vita vilipoanza Khartoum, matishari yamebeba maelfu ya wakimbizi na watu wanaorejea kwao kutoka Renk hadi Malakal, kwa gharama ya mashirika ya misaada. Injini zinazoyasukuma matishari hayo ni za dizeli, na dizeli hiyo bado inatoka Mombasa.